Kabla ya cheti cha Mei Mosi, mjue mtu wako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mei Mosi imepita juzi, na kama ilivyo kila mwaka, magazeti yamejaa picha za wafanyakazi bora wameshika vyeti na bahasha, wengine wamesimama pembeni ya friji. Mmoja wao ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ofisi yake imempa cheti, televisheni na fedha kidogo. Nilipompigia simu kumpa hongera alinijibu, "Ahsante dada, zamu yangu ilikuwa imefika." Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba idarani kwao wako saba, na wamekubaliana kuzungukana ili mtu asionewe. Mwakani ni zamu ya yule wa masijala.

Neno hilo "zamu" limenikaa kifuani hadi leo. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kwao pete inapita kila kidole kwa mwaka wake, na hakuna anayeuliza kidole kipi kilifanya nini. Mdogo wangu ni mchapakazi kweli. Mafaili yaliyokuwa yanapotea kwa wiki nzima, siku hizi yanapatikana ndani ya robo saa kwa sababu ya mpangilio alioubuni yeye. Kwenye cheti chake jambo hilo halimo. Kimeandikwa "kwa utendaji uliotukuka", kama cha aliyemtangulia na kama kitakavyokuwa cha atakayemfuata.

Nimekuwa mwajiriwa kwa miaka mingi na sasa nimeajiri, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaonja pande zote mbili.

Mwaka 1998 niliajiriwa katika kiwanda cha nguo ambacho sitakitaja. Nilikaa miaka kumi na moja kwenye ukumbi wa kufuma. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua kwamba adui wa mfumaji ni uzi kukatika. Uzi ukikatika mashine inasimama, unaunga fundo, unawasha tena, na pale palipoungwa kitambaa hakiwi kama kilivyokuwa. Siku nyingine niliunga hadi ncha za vidole zikawa zinawaka moto. Nikaanza kuangalia. Asubuhi nyuzi zilitulia. Kuanzia saa saba mchana, hasa Agosti na Septemba, upande wetu ulikuwa balaa, wakati upande wa pili wa ukumbi, karibu na mabomba ya kunawia, wenzetu walifuma kwa amani. Tofauti ilikuwa madirisha. Upepo mkavu uliingia kwetu moja kwa moja, na uzi wa pamba ukikauka hauvumilii kuvutwa. Mitambo ya kutia unyevu hewani ilikuwepo tangu kiwanda kinajengwa, ila ya upande wetu ilikuwa imekufa siku nyingi.

Nikayafunga madirisha mawili ya upande wa jua. Nikaomba ndoo, nikawa nalowesha sakafu katikati ya mashine kila baada ya chakula cha mchana. Wiki haikuisha nyuzi zikatulia. Nilimweleza msimamizi wetu na kumwonyesha daftari ambamo niliandika kila siku uzi umekatika mara ngapi. Akalichukua daftari. Mei Mosi iliyofuata jina lililosomwa lilikuwa lake, mfanyakazi bora wa kiwanda, "kwa kubuni njia ya kupunguza kukatika kwa nyuzi". Nilipiga makofi pamoja na wengine. Jioni alinigusa begani akasema, "Endelea na moyo huo huo."

Mhariri, sikugoma. Sikuchelewa hata siku moja. Niliendelea kufika saa moja kasoro robo, nikavaa koti langu la kazi, nikafuma mita zangu. Ila tangu siku ile, nilipoona jambo nilinyamaza. Niliona rola moja inaanza kula ukingo wa kitambaa, nikanyamaza hadi mkaguzi alipoigundua mwenyewe baada ya siku tisa. Niliona vifaa vya akiba vinahifadhiwa mahali panapovuja, nikanyamaza. Mikono yangu waliendelea kuipata. Macho yangu niliyazuia. Na mwajiri hakuwa na njia ya kujua kwamba kuna kitu amepoteza, kwa sababu kwenye daftari la mahudhurio jina langu lilikuwepo kila asubuhi. Hiyo ndiyo hasara ninayotaka waajiri wenzangu waione. Haiko kwenye hesabu za mwisho wa mwezi. Huwezi kukata mshahara wa wazo ambalo mtu hakukupa.

Kiwanda kile niliondoka mwaka 2009. Mwaka 2014 nilifungua karakana ya kushona hapa Kihonda, Morogoro, nikiwa na vyerehani vitatu na ovaloki moja ya mtumba, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Mwaka 2016 serikali ilipoanza elimu bila ada, watoto waliandikishwa kwa wingi na sare zikahitajika kwa wingi. Tukaacha vitenge na magauni ya harusi, tukajikita kwenye mashati meupe, kaptula na sketi za bluu. Kazi yote ya mwaka inabebwa na Novemba, Desemba na Januari.

Ungetegemea kwamba mtu aliyetendewa kama mimi angekuwa makini. Sikuwa makini.

Nilikuwa na binti wa miaka ishirini na moja, ametoka milimani huku Uluguru, amemaliza kidato cha nne. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo kwa mkono, kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo zilizokamilika, na kufagia jioni. Karakana nzima tulimwita "wa vifungo". "Mwambie wa vifungo alete maji." "Wa vifungo amefika?" Kwa zaidi ya mwaka mmoja mimi mwenyewe nilimwita hivyo, na jina lake nililiandika mara moja tu, siku anaanza.

Desemba 2019 tulikuwa na oda za shule tatu kwa mpigo. Jioni moja, kama saa mbili hivi, nimeinama kwenye meza ya kukatia napanga ya kesho, akaja amebeba kiroba cha mchele kimejaa vitambaa.

"Mama, naomba dakika moja."

"Mwanangu, si unaona tulivyo?"

"Naona, Mama. Ndiyo maana."

Akakimwaga kiroba mezani. Vilikuwa vipande vya tetroni nyeupe, makapi yanayobaki baada ya kukata. Akaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine kama mtu anayekunja leso, na kadiri alivyopanga ndivyo nilivyoona kwamba vyote vina umbo moja: pembe tatu yenye ubavu mmoja uliopinda. "Kila siku mimi ndiye ninayefagia," akasema. "Kila siku naokota hivi hivi. Leo nimevihesabu, viko arobaini na viwili. Kama ni makosa ya mkasi, Mama, visingefanana."

Kisha akatoa mfukoni karatasi za gazeti alizokata kwa umbo la mikono ya shati. Sisi tulizoea kulaza mikono yote ikielekea upande mmoja, kwa saizi moja, jora baada ya jora. Yeye akageuza mmoja kichwa chini, akausogeza ubavuni mwa mwingine, ukaingia kama mtoto anavyoingia kwapani mwa mama yake. Pale palipobaki penye upana kidogo akalaza mkono wa saizi ya darasa la kwanza, na kwenye kona akaweka kola. Tetroni nyeupe ya sare haina juu wala chini, kwa hiyo kipande ukikigeuza hakuna kinachoharibika. Hilo nalijua tangu nashika mkasi. Sikuwahi kulifikisha hapo.

Nilisimama pale nikaliona daftari langu la mwaka ule. Nikajiona mimi ndiye yule msimamizi, na mkono wangu ungeweza kuchukua karatasi zile, nikamwambia ahsante mwanangu kalale, na kesho yake nikawaelekeza mafundi kana kwamba ni langu. Hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye, na angenyamaza. Mimi nilinyamaza.

Asubuhi nikawaita wote. Nikamtaja kwa jina lake, nikaeleza alichokiona na jinsi alivyokiona, nikasema kuanzia leo atajaribu kukata. Hapo pakachafuka. Mkataji wetu alikuwa kaka mmoja aliyekuwa amekaa na mimi miaka mitano, mkono wake umenyooka kama rula, nguo yake huikuti na kosa. Hakusema kitu, lakini aliweka mkasi mezani kwa sauti. Na alikuwa na haki yake. Kumwinua mmoja bila kufikiria mwingine atashukia wapi ni kosa ambalo waajiri wengi tunalifanya, halafu tunalalamika kwamba wafanyakazi wana wivu.

Tukakubaliana kupima. Jora mbili za mita thelathini kila moja, kitambaa kile kile, mchanganyiko ule ule wa saizi. Kaka akate yake kwa mazoea yake, binti alaze yake kwa namna yake na kaka huyo huyo amshikie mkasi, maana mkono wa binti ulikuwa bado haujakomaa. Jora la kwanza likatoa mashati ishirini na sita. La pili likatoa ishirini na tisa. Tukaazima mizani kwa jirani muuza mchele tukapima makapi: ya jora la kwanza kilo moja na nusu, ya la pili robo tatu ya kilo. Kaka alikaa akiangalia mizani kwa muda. Halafu akasema, "Mama, huyu anaona." Kuanzia siku ile walifanya kazi pamoja, yeye mkasi na binti mpangilio, na miezi iliyofuata kaka ndiye aliyemfundisha kukata. Nami nikampa kaka makoti ya shule, kazi ngumu inayotaka mkono kama wake, na yenye malipo makubwa zaidi. Nakiri kwamba ningepaswa kumpa mapema.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu wapo watakaosema haya ni mambo ya moyo tu. Kabla ya hapo mashati mia moja ya watoto yalikula mita 115. Kwa mpangilio mpya yakala mita 103. Mita ilikuwa shilingi 3,500. Msimu ule tulishona mashati 1,400, kwa hiyo tuliokoa mita 168, ambazo ni shilingi 588,000. Kwa kampuni kubwa hiyo ni hela ya chai. Kwangu ilikuwa kodi ya jengo kwa miezi minne na ushee. Theluthi yake, shilingi 196,000, nilimkabidhi binti mbele ya wenzake na kusema ni ya nini hasa. Mshahara wake nikaupandisha ukawa wa fundi, kwa sababu sifa bila kubadilisha malipo ni maneno ya msibani.

Ambacho sikukitegemea ni kilichofuata. Ndani ya mwezi mmoja watu wakaanza kuniletea mambo. Mpiga pasi akasema tukihamisha meza yake iwe karibu na mlango wa nyuma, nguo hazitavuka karakana nzima mara mbili. Huyu ni mtu mpole, haya tele. Alinifuata nikiwa peke yangu na akaniomba nisimsimamishe mbele ya watu. Nikamheshimu. Nilimwandikia barua nikampa mkononi, na fedha yake ndani. Wapo wanaotaka makofi na wapo ambao makofi kwao ni adhabu, na kujua tofauti hiyo ni sehemu ya kumjua mtu. Mama mmoja wa ovaloki akaeleza kwa nini sindano zinavunjika kila Jumatatu: Jumapili umeme ulikuwa haukatwi kwenye swichi kubwa, mlinzi anachaji simu za mtaa, na waya unaovutwa juu ya mashine unapinda sindano. Mambo madogo, na yote yalikuwepo miaka yote, na watu walikuwa wanayaona.

Leo tuna vyerehani kumi na moja na tuko watu kumi na wanne. Sitasema yote yametokana na kiroba kile. Kulikuwa na mkopo wa kikundi, na bahati ya shule moja ya sekondari kuhama kutoka kwa fundi wake wa zamani. Lakini shule ile ilikuja kwetu kwa sababu tuliweza kushusha bei ya shati kwa shilingi mia tatu bila kujiumiza, na tuliweza kushusha kwa sababu ya binti yule.

Kijana wangu anasomea ufundi wa magari, na nilipomsimulia habari hii hakushangaa. Aliniambia Toyota, hao hao ambao magari yao yamejaa barabara zetu, wana utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi wa kawaida tangu mwaka 1951, na kwamba mfanyakazi akiona kasoro kwenye mstari wa kuunganisha magari anaruhusiwa kuvuta kamba kuomba msaada, na tatizo lisipotatuliwa mstari unasimama. Nikafikiria ukumbi wetu wa kufuma. Nani kati yetu angethubutu kusimamisha kitu?

Najua hofu kubwa ya waajiri wenzangu, maana tunaizungumza tukikutana kununua vitambaa. "Ukimsifu atavimba kichwa. Ukimfundisha atakukimbia." Ni kweli wanaondoka. Kaka yule wa makoti aliniaga mwaka 2022 akafungua duka lake karibu na Msamvu. Niliumia, sifichi. Wiki mbili nilikuwa namlaumu kwa kila mtu aliyeniuliza. Baadaye nikakaa nikahesabu: miaka yake ya mwisho kwangu alishona makoti ambayo zamani nilikuwa nayakataa kwa kukosa fundi, na aliacha wawili wanaoyaweza. Msimu ukizidi, kazi isiyoingia kwangu naipeleka kwake, na yake iliyozidi anailetea karakana hii. Wale walioondoka bila mimi kujua wanachokiweza, na walikuwepo, hao hawakuniachia kitu.

Wengine wanaogopa hata kumpeleka fundi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi mtaani na kumrasimishia ujuzi wake kwa cheti, bila kumrudisha darasani kama asiyejua kitu. VETA Kihonda ni jirani yetu kabisa. Nimesikia kwa masikio yangu mwajiri akisema, "Akipata cheti atadai mshahara." Ndugu yangu, kama kazi yake inastahili mshahara huo, wewe umekuwa unakopa kwake bila kumwambia.

Ombi langu kwa waajiri, wakubwa na wadogo, ni moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatutaka tumpe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira yake inapokoma. Wengi tunakiandika kwa dakika mbili: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, cheo. Hapo chini ongezeni mistari miwili ya kile ambacho mtu huyo, na si mwingine, alikifanya mahali penu. Ukikaa mbele ya karatasi ukakosa cha kuandika, jiulize ulikuwa unaangalia wapi muda wote huo. Afadhali ujiulize sasa, wakati bado yuko.

Cheti changu cha kiwandani ninacho hadi leo, kwenye bahasha pamoja na cheti cha ndoa. Kinasema nilikuwa mfanyakazi wa idara ya ufumaji na kwamba mwenendo wangu ulikuwa mzuri. Cha kaka wa makoti nilikiandika mwenyewe usiku kwa kalamu, kisha nikakipeleka kikachapwe. Kinasema alifundisha mafundi watatu, kwamba makoti ya karakana hii yameanzia mikononi mwake, na kwamba alimshikia mkasi mwenzake siku ambayo angeweza kukataa. Nilipokwenda dukani kwake Machi nilikikuta ukutani, ndani ya fremu, juu ya cherehani.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mama mwenye karakana ya sare,
Kihonda, Morogoro